Kiroboto Nyumbani: Somo la Historia kutoka Arua na Koboko

Mwalimu wa Kiswahili wa Arua au Koboko, anapofundisha majina ya wadudu wa nyumbani, hana budi kuwapambanua wanne ambao wanafunzi huwachanganya. Chawa hukaa katika nywele na nguo za mtu, kunguni hujificha kitandani, kupe hung'ang'ania ngozi ya mnyama, kiroboto huruka. Hapa West Nile upambanuzi huo si wa msamiati tu, kwani kiroboto amekuwa akileta mauti. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi historia yake inavyotufundisha kumwondoa nyumbani na miilini mwa mbwa na paka wetu, kwa njia zilizo karibu na mikono yetu.

Ugonjwa anaoueneza ni tauni. Dalili zake mashuhuri ni homa kali pamoja na mtoki, yaani uvimbe wa tezi za kinenani au kwapani. Waganda waliujua tangu zamani, wakaunasibisha na Kawumpuli, mmoja wa miungu yao. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aliviona vijidudu vyake huko Hong Kong. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye auhamishaye kutoka panya mmoja hadi mwingine. Na mwaka huohuo Robert Koch alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu wa Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, yalikuwa tauni hiyohiyo. Mwaka 1914, sehemu ya kusini ya nchi ya Lado ilipotiwa chini ya Uganda na kituo cha serikali kikafunguliwa Arua, Bacot na Martin walieleza huko London siri iliyokuwa imebaki: vijidudu huzaana hata kuliziba koo la kiroboto, naye kwa njaa huuma tena na tena, akitapika maradhi katika kila jeraha.

Tauni imezuka mara nyingi katika nyanda za juu za Vurra, kusini ya mji wa Arua, na za Okoro, ambayo leo ni Wilaya ya Zombo, na vilevile ng'ambo ya mpaka huko Ituri. Koboko iko kaskazini, nje ya kitovu hicho. Lakini watu, magunia ya nafaka na mbwa hupita barabara moja.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulipokuwa tukikaa Arua tulichoshwa na panya, tukawategea sumu. Panya wakafia darini, na siku chache baadaye viroboto wakashuka kutuuma sisi, watoto na mbwa. Kwa bahati njema hapakuwa na tauni. Sababu yake ni nyepesi: kiroboto hukaa na mwenye damu ya moto, mzoga ukipoa, huuacha akatafuta mwingine. Basi kanuni ya kwanza ni hii: viroboto kwanza, panya baadaye. Na panya wakionekana wakifa wenyewe, tusiwashike kwa mikono mitupu, bali tuwaarifu wahudumu wa afya mara moja.

Kanuni ya pili yahusu mahali pa vita. Kiroboto tumwonaye juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya jeshi. Mayai huanguka kutoka manyoyani; mabuu hula chembe za damu iliyokauka zilizomo katika vumbi na nyufa za sakafu; kisha hujifungia katika kifuko, ambamo huweza kungoja wiki au miezi, hata wasikie joto na mtikisiko wa mpitaji. Kwa hiyo mama azibaye nyufa kwa udongo na samadi, afagiaye kila asubuhi na kuanika mikeka na mablanketi juani, anafanya kazi ya kitaalamu. Takataka zichomwe, zisimwagwe mlangoni. Matandiko ya mbwa yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na kazi hiyo iendelee kwa miezi, maana walio kifukoni hawajaguswa na ufagio wa leo. Nafaka iwekwe ghalani, si katika chumba cha kulala, na panapowezekana watu walale vitandani.

Mbwa naye aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kuanzia shingoni, ili viroboto wasikimbilie kichwani. Kisha achanwe kwa kitana chenye meno ya karibu, na wanaonaswa watiwe katika maji ya sabuni. Wako waongezao maji ya majani ya mwarobaini, mti wenye dawa ya kuvuruga ukuaji wa wadudu. Lakini hayashindi usafi. Tumbaku, iliyokuwa zao kuu la biashara la West Nile katika karne ya 20, yafaa iachwe: sumu yake hupenya ngozi, ikawadhuru mbwa na mwoshaji. Mafuta ya taa nayo huunguza. Paka ahitaji uangalifu zaidi, kwani hulamba chochote apakwacho; tena akila panya mgonjwa huweza kupata tauni na kumwambukiza amfugaye.

Hata hivyo, njia za nyumbani zina mpaka. Mtu akishikwa na homa ya ghafla pamoja na mtoki, apelekwe hospitali siku hiyohiyo; tauni hutibika kwa viuavijasumu ikiwahiwa, na ikicheleweshwa huua. Walimu wenzetu, tunapofundisha neno kiroboto, tusimwachie mwanafunzi tafsiri peke yake. Tumwambie pia mdudu huyo anakokaa, na la kufanya panya wanapokufa.