Matunda ya Msimu na Watu wa Kings Rest

Ukipita Warwick mwezi wa Desemba, utakuta maembe na laichi zimepangwa mafungu mafungu. Ifikapo Juni maembe yamekwisha, na zamu ni ya machenza. Sisi ambao wazazi wetu walitoka Afrika Mashariki tulijiona wageni wa kwanza kuijifunza kalenda hii. Historia ya Durban imetusahihisha.

Mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, manowari za Uingereza zilianza kuleta hapa watu waliokombolewa kutoka majahazini. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini Durban iliwaita Wazanzibari. Kwanza walifungwa na mikataba ya kazi. Baadaye wengi wao, hasa Waislamu, walikaa Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff, katika ardhi ya wadhamini wa Msikiti wa Juma wa Grey Street.

Pwani waliyotoka ni ya maembe, mapapai, ndizi na nazi. Durban iko karibu nyuzi 30 kusini mwa ikweta, na Unguja nyuzi 6 tu. Hata hivyo maembe huiva hapa kuanzia Desemba, kama kule wakati wa kaskazi. Ndizi na mapapai hustawi pia. Anayeshindwa ni mnazi, kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai. Kwenye vichaka vya mchanga wa pwani kuna tunda jekundu ambalo Wazulu huliita amathungulu, ndugu wa mtandamboo wa kwetu. Mtu wa pwani angeweza kujifunza misimu ya hapa bila kusahau ya kwao.

Lakini kujifunza kunataka kukaa. Kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950, serikali ya ubaguzi iliwatia Wazanzibari katika kundi la "Waasia wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth. Kitanda kinahamishika, sufuria pia. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, lakini mwembe uliokwisha shika mizizi hauna nyenzo. Ukipanda kokwa upya, utangoja miaka mitano au zaidi kabla ya kula embe. Kwa mzee, hiyo ni kupandia wajukuu.

Sisi hakuna aliyetuhamisha, ila dukani tunanunua embe mwezi wowote bila kujua limetoka wapi. Ujuzi walionyang'anywa wenzetu, sisi tunauacha wenyewe.

Basi wanachama, Desemba hii tuanzie Warwick, tuwaulize wauzaji tunda gani linaingia na lipi linatoka. Kisha twende Chatsworth, tukawaamkie wazee, tuwaulize ni miti gani waliiacha Bluff. Waliohamishwa wakiwa watoto sasa wana zaidi ya miaka 60. Nao pia wana msimu wao.