Mwenyeji wa Beirut

Kwetu Ganda, karibu na Malindi, mtu akiulizwa "Mwenyeji wako ni nani?" haulizwi analala wapi tu. Anaulizwa ni nani atakayesimama kumjibia likitokea la kutokea: akiugua, akidaiwa, akifa. Marehemu baba alikuwa akiteremsha korosho na ufuta hadi Malindi, na hakuingia duka ambalo hakuwa na mwenyeji wake pale. Mimi nilisomesha shule ya msingi miaka thelathini na moja, nikaamini mila hiyo imezikwa na wazee wetu. Mwaka 2020 nikaiona tena, ikiwa hai, ndani ya simu yangu, ikitokea Beirut.

Mila yenyewe ni ya kale. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika alichokiona. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa vimashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana huiweka sahani yake mbele ya mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Aliyemlalia mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyefanya naye biashara mwenyeji akiwa hayupo, biashara yake ilihesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe hakupelekwa kwa mfanyabiashara. Waliposikia kuwa ni mwanachuoni, walisema huyu ni mgeni wa kadhi.

Kila ninapoyasoma maelezo hayo nasimama kwenye ile sahani. Mgeni hajashuka, hajaonyesha hati yoyote, lakini tayari ana mtu. Kazi ambayo leo tunaipa ubalozi ilianzia kwenye chakula.

Habari za Vasco da Gama na nguzo yake kila mtoto wa Malindi anazijua, sitazirudia. Itoshe kusema kwamba Wareno walikuwa na watu wao Malindi hadi mwaka 1593, walipohamia Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu. Malindi ikabaki nyuma, ikadidimia, mwisho ikawa magofu na kichaka. Iliinuka tena katika miaka ya 1860, wakati wa Seyyid Majid wa Zanzibar, yakalimwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta. Waliolima ni watumwa. Fedha nyingi za biashara ya mazao hayo zilitoka kwa Wahindi.

Hapo ndipo swali la balozi linapoanza kwetu. Mmarekani Richard Waters alifungua ofisi ya konseli Unguja mwaka 1837, naye Mwingereza Atkins Hamerton akafuata mwaka 1841. Malindi haikupewa mtu. Mhindi wa Malindi aliyehesabiwa raia wa himaya ya Uingereza, akiwa na deni lililokwama au mirathi ya ndugu, alikuwa na balozi wake, lakini balozi huyo alikuwa ng'ambo ya bahari, na bahari ilikuwa na ratiba yake. Kaskazi humpeleka mtu Unguja, kusi humrudisha. Jambo likitokea kusi imeshika, kesi husubiri upepo ugeuke, na kwa miezi hiyo yote mtu huishi kwa hisani ya mwenyeji.

Neno lenyewe, balozi, nalo lilisafiri mbali kabla ya kufika huku. Mjumbe wa Venice aliyekaa Istanbul aliitwa bailo. Waturuki wakalitamka balyoz, Waarabu wa Ghuba wakamwita hivyo konseli wa Mwingereza, na jahazi zikatuletea sisi. Kwa hiyo Mswahili anapotaja balozi, anatamka neno la Kiitaliano bila kujua.

Na wale waliolima mtama? Mtumwa wa Malindi hakuwa na balozi wa kumngojea kwa kaskazi wala kwa kusi. Alikuwa na miguu. Watoro waliingia bara, wakajenga vijiji vyao, na Fuladoyo ndicho kinachotajwa zaidi. Katika nchi hii ya Wagiriama wako waliopata wenyeji. Sitadai kwamba wazee wetu walikuwa malaika. Kuna watoro walioteswa na waliouzwa tena. Lakini kuna nyumba hapa ambazo ukoo wake ulianza kwa mtu aliyekuja usiku, akapewa sima, akaulizwa jina la babake, asubuhi akaitwa wa kwetu. Nyumba hizo nazijua, wala sitazitaja.

Mwaka 1895 pwani ikawa himaya ya Mwingereza, huku ukanda wa maili kumi ukihesabiwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar, hadi mwaka 1963. Mwaka huohuo wa 1963, mwezi wa Aprili, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Vienna kuhusu kazi za konseli. Mkataba huo unaruhusu nchi isiyo na ofisi mahali fulani kuhudumiwa na nchi nyingine. Wazungu waliitumia hekima hiyo vizuri: raia wa Umoja wa Ulaya akiwa mahali ambapo nchi yake haina ubalozi, ana haki ya kubisha hodi kwa ubalozi wa nchi mwenzake.

Hapa kwetu Waitalia hawakuhitaji hata hiyo. Walikuja na roketi. Kituo cha San Marco pale Ngomeni kilirusha setilaiti yake ya kwanza mwezi wa Aprili 1967, na tarehe 12 Disemba 1970 kikairusha ile iliyoitwa Uhuru. Mafundi wakafuatwa na watalii, watalii wakafuatwa na mahoteli, na wenyewe wakapata konseli wa heshima mjini Malindi. Siwaonei kijicho. Mtu akipoteza pasipoti yake ugenini, na awe na mlango wa kwenda. Nilichotaka ni mlango kama huo kwa mtoto wangu.

Namwita mtoto wangu, ingawa ni binti wa ndugu yangu, kwa kuwa nilimlea. Aliondoka 2019 kupitia kwa ajenti, akaambiwa ni kazi ya hoteli. Kumbe alipelekwa nyumbani kwa watu, na pasipoti yake ikachukuliwa siku ya kwanza. Kule mwajiri huitwa kafili, yaani mdhamini. Maana ya neno ni mtu anayesimama kwa niaba yako. Nililia nilipolitafakari, kwa sababu ndiyo maana ileile ya mwenyeji, ila huyu alikuwa ameshika kufuli.

Fedha ya Lebanon ilipoporomoka, mshahara ukakatika. Binti akatoka na nguo za mwilini. Kenya haikuwa na ubalozi Lebanon. Beirut kulikuwa na konseli wa heshima, na ubalozi kamili ulioisimamia nchi hiyo ulikuwa Kuwait. Niliichukua ramani niliyokuwa nikifundishia darasa la saba, nikaweka rula: zaidi ya kilomita 1,000, na katikati Syria na Iraq. Tarehe 4 Agosti bandari ikalipuka. Siku hizohizo wanawake Wakenya walikuwa wamelala nje ya ofisi ya konseli wakiomba warudishwe kwao.

Wetu alikuwa ameshapokelewa. Mama mmoja Mkenya aliyekaa kule miaka mingi, akiishi chumba kimoja na Wahabeshi wawili, alimwona njiani akiwa hajui aendako. Alimpa chakula kwanza. Halafu akafungua daftari la shule, akamuuliza: jina lako, jina la baba, kijiji, chifu wenu ni nani, namba ya mtu wa nyumbani. Usiku ule simu yangu ikalia. Sauti nisiyoijua ikasema, "Shikamoo mwalimu. Mtoto wako yuko kwangu."

Yaliyofuata yalikuwa karatasi. Nilikwenda kwa chifu kutafuta barua, nikachimbua cheti cha kuzaliwa sandukuni, nikapiga picha kila kitu na kutuma Kuwait na kwa yule mama. Ukoo ulichanga, kanisa likachanga, kamati yetu ya matanga ikatoa fedha ilizoweka kwa ajili ya wafu. Mwezi wa Oktoba alishuka matatu pale barabarani na mfuko mmoja wa plastiki, na cheti cha dharura cha kusafiria mkononi.

Sasa anauza samaki wa kukaanga karibu na stendi. Usiku simu yake hulia, na mimi husikia kupitia ukutani. Namsikia akitafuta kalamu, akifungua daftari lake, akiuliza polepole kwa Kigiriama: babako ni nani, mwatoka wapi, chifu wenu anaitwa nani. Wiki iliyopita alimwandika msichana wa Kakuyuni. Alimuuliza kwanza kama amekula.