Bima ya gari: Huyu ‘mtu wa tatu’ ni nani hasa?

MAJUZI nilikuwa katika teksi nikielekea katikati ya jiji la Nairobi, afisa wa trafiki akatusimamisha na kuulizia bima. Dereva alimwonyesha cheti kwenye simu, tukaruhusiwa kwenda. Hatukufika mbali kabla kijana huyo hajaanza kulalama.

“Prof, hii thadi pati naikata kila mwezi. Lakini nikigonga mti leo, mimi silipwi hata ndururu. Sasa nalipia nani?”

Nilimwambia kwamba swali lake ni la sarufi kabla ya kuwa la sheria. Katika Kiswahili tuna nafsi tatu. Nafsi ya kwanza ni msemaji, ya pili ni msemeshwa, na ya tatu ni yule anayezungumziwa hali hayupo. Mkataba wa bima una mpangilio uo huo. Kuna kampuni, kuna mwenye gari, halafu kuna ‘yeye’ ambaye hakutia sahihi popote: mama anayevuka barabara, mwendesha baiskeli, abiria wa matatu. Thadi pati hukatwa kwa ajili yake. Ndiyo maana mti ukikuvunjia taa, kampuni haina habari nawe.

Neno bima lenyewe halikuanzia kwetu. Wahindi husema ‘bima’, nao Waajemi wana neno ‘bim’ lenye maana ya hofu. Jina linatufaa, kwa sababu kinachouzwa hapa ni hofu ya kesho.

Je, serikali ilianza lini kutulazimisha kuinunua? Massachusetts, nchini Marekani, ililazimisha bima ya gari kuanzia 1927. Uingereza ikafuata kwa Sheria ya Trafiki ya 1930, na bima ya mtu wa tatu ikawa lazima mwanzoni mwa 1931. Ajabu ni kwamba sheria iyo hiyo iliondoa kikomo cha kasi kwa magari madogo! Dereva aliruhusiwa kukimbia, almuradi awe na bima ya kumlipa atakayemgonga. Kikomo kilirejeshwa katika maeneo ya makazi baada ya sheria ya 1934.

Mfano huo wa Kiingereza ndio ulioletwa Kenya na wakoloni katikati ya miaka ya 1940. Leo tunauita Sura ya 405. Haja yake ilikuwa wazi. Kabla ya hapo, ukigongwa na mtu asiye na kitu, ungeshinda kesi mahakamani na urudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ikasema kampuni ya bima ndiyo itakayolipa hukumu hiyo. Dereva naye akapata nafuu: ajali moja isingemfilisi.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mimi niliyaona mengine.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa na Peugeot 504 kuukuu. Jioni moja ya mvua nilimgonga mwendesha baiskeli, akavunjika mguu. Kosa lilikuwa langu, na bima yangu ilikuwa hai. Nilimtembelea hospitalini nikamwambia, “Ndugu, usiwe na wasiwasi, bima italipa.” Kesi ilichukua miaka. Hukumu ilipotolewa, ile kampuni ndogo iliyonikatia bima ilikuwa imefunga milango. Asubuhi moja madalali wa mahakama walikuja kwangu, wakalichukua gari mbele ya wanangu. Lilipouzwa halikutosha kulipa deni. Baki nililipa kidogo kidogo kwa mshahara wa mhadhiri. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule bwana alingoja fidia yake muda wote huo huku akichechemea.

Sikuwa peke yangu. United Insurance, iliyokuwa imekatia matatu nyingi bima, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata 2011. Kila kampuni inapoanguka, mzigo humrudia mwenye gari aliyelipa ada yake kwa wakati.

Hata kampuni ikiwa imara, kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Sheria yetu ilikuja kurekebishwa, na sasa kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikimpa majeruhi Sh5 milioni, zile mbili zinazosalia atadaiwa nani? Mwenye gari. Kampuni zimepunguziwa hatari, lakini hatari yenyewe haikupotea. Imehamishiwa kwa nafsi ya pili.

Mwaka 2024 tulikaribia kuongezewa mzigo mwingine. Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua Sh5,000 wala kuzidi Sh100,000, ukusanywe na kampuni za bima wakati wa kukata bima. Pendekezo hilo liliondolewa, na mswada wote ukatupwa baada ya maandamano ya Juni. Hofu yangu haikuwa mfuko wangu tu. Ukiifanya bima kuwa mlango wa kutoza ushuru, wapo watakaoukwepa mlango huo, na atakayeumia ni yule yule anayevuka barabara.

Tulipofika, yule kijana aliniuliza afanye nini basi. Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, asitafute tu bima ya bei rahisi. Aulize kama kampuni hiyo hulipa madai. Pili, asome kile kikomo cha fidia kabla ya kulipa.

Alizima injini, akaniambia, “Sawa, mzee wangu. Lakini wewe sasa unashuka uvuke barabara. Si ndiwe mtu wa tatu?”

Nilicheka, nikatazama kulia na kushoto, kisha nikavuka.