Robin Hood: Jinsi mnyang’anyi wa msituni alivyogeuzwa lodi

Ukitaka kukisimulia kisa cha Robin Hood kwa Kiswahili, unakwama kwenye sentensi ya kwanza. Huyu bwana tumwite nani? Ukisema “jambazi,” msomaji wa Kenya anaona mtu mwenye bastola akivamia benki. “Haramia” lina utamu wake kwa kuwa limebeba “haramu” tumboni, lakini masikio ya leo yakilisikia hukimbilia baharini kwenye meli zilizotekwa. Neno la Kiingereza lenyewe linaeleza hali, halielezi tabia: ni mtu aliyetolewa nje ya sheria. Aliyeitwa mahakamani mara kadhaa asifike alitangazwa hivyo, mali yake ikatwaliwa, na sheria ikaacha kumlinda. Ilisemwa kwamba amebeba kichwa cha mbwamwitu. Yaani, hapo zamani, aliyemuua alikuwa kama ameua mnyama.

Na watu walifikaje huko? Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafalme walitenga maeneo makubwa ili wapate mahali pa kuwindia. “Msitu” katika sheria zao haukulazimu miti. Ndani ya mipaka yake mlikuwa na vijiji, mashamba na malisho ya watu. Mkulima aliyemkuta kulungu wa mfalme akitafuna mazao yake hakuruhusiwa kumgusa. Kumuua kungeweza kumgharimu viungo vya mwili au hata uhai, hadi Mkataba wa Misitu wa 1217 ulipoondoa adhabu hiyo. Basi nyimbo zilipomweka Robin msituni akila nyama ya kulungu, hadhira haikuhitaji kuelezwa kosa liko wapi.

Je, aliishi kweli? Kumbukumbu za mahakama ya York za miaka ya 1225 na 1226 zinamtaja Robert Hod, mtoro, ambaye mali yake ilikuwa na thamani ya shilingi 32 na peni 6. Huenda ndiye, huenda siye. Akina Robert walikuwa tele kila kijiji. Linalonivutia zaidi ni la mwaka 1262: mtoro mwingine, William mwana wa Robert, aliandikwa na karani kwa jina la Robehod. Inaelekea jina lilikuwa limeshakuwa lakabu ya watu wa aina hiyo. Katika miaka ya 1370, William Langland alimchora kasisi mvivu ambaye hata Sala ya Bwana haijui sawasawa, ila nyimbo za Robin Hood anazo!

Robin wa nyimbo hizo kongwe si yule wa sinema. Yeye ni mtu huru wa kawaida, si mtwana wala bwana, na mara nyingi anaonekana Barnsdale, Yorkshire, badala ya Sherwood. Anaye Little John, ambaye licha ya jina lake si mdogo hata kidogo, Will Scarlet, na Much, mwana wa msaga nafaka. Marian hayupo. Aliingia baadaye kupitia michezo ya sikukuu za Mei, akitokea kwenye nyimbo za wachungaji wa Kifaransa. Tena hawa si malaika. Katika wimbo mmoja uliohifadhiwa katika mswada wa karne ya 15, Little John anamuua mtawa, na Much anamuua kijana mtumishi wake asije akatoa siri.

Na ile sifa ya kuwanyang’anya matajiri na kuwagawia maskini? Katika masimulizi marefu ya kale, msaada wake mkubwa kabisa ni mkopo wa pauni 400 kwa mwungwana aliyekuwa karibu kupokonywa ardhi na abati wa York. Mkopo, jamani, na kwa mwungwana! Maskini wanatajwa kwa ufupi tu mwishoni, kwamba aliwatendea mema.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1598, pale Anthony Munday alipoandika tamthilia mbili na kumfanya Robin kuwa lodi wa Huntington aliyedhulumiwa. Msomi wa Uskoti, John Major, alikuwa amekwisha kumhamishia enzi ya Mfalme Richard mwaka 1521, ilhali mfalme wa masimulizi ya kale anaitwa Edward. Kwangu mimi, hapo ndipo mnyang’anyi alipoibiwa yeye mwenyewe. Mtu wa chini anayekula kulungu wa mfalme anaitilia shaka sheria nzima. Lodi aliyepokonywa urithi anataka tu arudishiwe. Mfalme mwema akirejea, mambo kwisha, na kulungu wanabaki kuwa wa mfalme.

Hata Joseph Ritson, aliyeyashabikia Mapinduzi ya Ufaransa na kuzikusanya nyimbo hizi mwaka 1795, alimwandikia shujaa wake nasaba ya kilodi.