Kima Punju na Panya wa Jahazini

Yapata miaka elfu kumi iliyopita, barafu ya dunia ilipoyeyuka na bahari ikapanda, Unguja ilitengana na bara. Kima punju akabaki kisiwani bila kusafiri popote. Panya mweusi alikuja kwa chombo. Asili yake ni Bara Hindi, na mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyochangamka tangu karne ya 7. Kaskazi ilipovuma naye alikuwemo ngamani, kati ya mizigo, wala hakulipa nauli.

Karne ya 19 ndiyo iliyowapambanua hasa. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja na karafuu ikashika kasi, msitu ulifyekwa. Kima akapoteza miti. Panya akapata maghala. Kuzaa nako hawalingani: panya hubeba mimba wiki 3 tu na kuangusha watoto kadhaa, kima hubeba miezi 6 hivi kwa mtoto mmoja. Mwaka 1868 Wazungu walimpa kima jina la kitaalamu la John Kirk, daktari wa ubalozi wa Uingereza kisiwani. Panya, wao walikuwa wakimjua kitambo, tena kwa shari.

Shambani wote wawili wanashitakiwa kwa kosa moja: nazi. Panya hupanda mnazi usiku na kutoboa dafu. Kima hula mchana, mbele ya macho ya mwenye shamba, na hupenda vidaka. Nadhani huo mchana ndio uliomponza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani, Unguja, haukuona kwamba ulaji wake unapunguza mavuno. Minazi iliyoliwa zaidi ilizaa vizuri, kwani mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi. Kima huyo pia hutafuna mkaa, ambao hunasa sumu ya majani ya miembe na mikungu anayokula. Mnyama wa msitu amejifunza kuishi na majiko yetu, jambo ambalo panya alizaliwa akilijua.

Miaka ya 1970 kima wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba. Jozani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na barabara inayoipita iliwekwa matuta kwa sababu magari yalikuwa yakiua kima. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilihesabu kima zaidi ya 5,800, karibu mara tatu ya makadirio ya awali, ingawa wengi wa watoto wao hufa kabla ya kukomaa.