Maana ya maneno: kati ya takwimu na mantiki

Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa ushirikiano na wachapishaji wa Collins, kilianzisha mradi wa kamusi ulioitwa COBUILD. Kiongozi wake alikuwa Profesa John Sinclair, Mskoti aliyekuwa akifundisha chuoni hapo tangu 1965. Badala ya mhariri kukaa na kujiuliza neno fulani lina maana gani, kompyuta ililishwa mamilioni ya maneno kutoka vitabuni, magazetini na katika mazungumzo, kisha ikaulizwa neno hilo huandamana na maneno gani.

Msingi wa wazo hilo uliwekwa na J. R. Firth, mwanaisimu wa London aliyefariki mwaka 1960, aliyeshikilia kwamba neno hutambulikana kwa wenzake. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushawishiwa sana. Neno "paa" likisimama peke yake halijulikani ni lipi. Likikaa karibu na bati au makuti, ni la nyumba. Karibu na nyika na pembe, ni mnyama. Karibu na ndege na anga, ni kitenzi. Na pakiwa na kisu na samaki, ni kuondoa magamba. Mashine isiyojua nyumba wala samaki yaweza kuzitenga maana hizo nne kwa kuhesabu majirani tu.

Hesabu ilifichua hata mambo ambayo wenye lugha hawakuyatambua. Sinclair aliona kwamba kitenzi cha Kiingereza "set in", chenye maana ya jambo kuanza na kushika mizizi, hutumika karibu kila mara kwa mambo mabaya: uozo, maradhi, kukata tamaa. Kamusi ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Miaka mitatu baadaye mmoja wa wahariri wake wakuu, Patrick Hanks, pamoja na Kenneth Church wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha kanuni ya kupima ni kwa kiasi gani maneno mawili hukutana kuliko ambavyo yangekutana kwa bahati tu.

Mantiki ndani ya fasili

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni namna kamusi hiyo ilivyoandika fasili zake. Iliziandika kwa sentensi kamili, nyingi zikiwa na sharti na tokeo, kama mtu angesema kwa Kiswahili: ukikwea mti, unaupanda kwa mikono na miguu. Hiyo ni sura ya mantiki, ingawa maneno yake yalichaguliwa kwa takwimu. Geoff Barnbrook wa chuo hichohicho alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2002 kwamba sentensi za fasili hizo zina sarufi yake ndogo ambayo kompyuta yaweza kuichambua.

Wanamantiki walikuwa na njia yao. Mmarekani Richard Montague, aliyefariki mwaka 1971, alidai kwamba hakuna tofauti ya msingi kati ya lugha za watu na lugha za alama za wanamantiki. Kwao, maana ya sentensi hujengwa kwa sheria kutoka sehemu zake. Ndiyo maana "mgonjwa yeyote asipewe dawa hii" na "si kila mgonjwa apewe dawa hii" ni amri mbili tofauti kabisa, japokuwa maneno yake karibu ni yaleyale.

Hapo ndipo takwimu tupu hukwama. "Amefika" na "hajafika" hukaa na majirani walewale. Vivyo hivyo bei iliyopanda na bei iliyoshuka. Tafiti za mwaka 2020 zilionyesha kwamba BERT, mfumo ambao Google iliutoa mwaka 2018, mara nyingi ulijaza pengo kwa neno lilelile, sentensi ikiwa inakubali au inakanusha.

Lakini sheria nazo zina mtego. Daktari akiandika "meza dawa kabla hujala", sheria inayosema kwamba "huja-" ni alama ya ukanushi itaona katazo ambalo halipo. Ni mazoea ya wasemaji, yanayoonekana kwa kutazama matumizi mengi, yanayofundisha kwamba baada ya "kabla" umbo hilo halikanushi chochote.

Majaribio ya kuoanisha njia hizo mbili yalishika kasi baada ya 2010. Mwaka huo Bob Coecke, Mehrnoosh Sadrzadeh na Stephen Clark walipendekeza kila neno lipewe umbo la namba lililotokana na majirani zake, kisha sarufi iamue namna ya kuyaunganisha. Mwaka 2013 Mike Lewis na Mark Steedman wa Edinburgh waliyaacha maneno kama "kila" na "si" mikononi mwa mantiki, na mengineyo wakayakabidhi takwimu.

Kiswahili kilikwisha kuonja ndoa hiyo, tena mapema. Profesa Arvi Hurskainen wa Helsinki alitunga programu ya sheria ya kuchambua maneno ya Kiswahili kiambishi kwa kiambishi, nayo ikatumika kuwekea alama mkusanyo wa matini wa Helsinki, uliokuwa na maneno takriban milioni 12.5 ulipotolewa mwaka 2004. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliutumia mkusanyo huo kuifunza mashine ya takwimu kutambua aina za maneno. Sheria ilikuwa mwalimu, hesabu mwanafunzi.

Kwa mgonjwa kutoka Tanga aliyelazwa Birmingham hili si suala la wasomi. "Tembe moja saa mbili usiku" ni saa nane usiku kwa mashine inayofuata neno kwa neno, ilhali mgonjwa anakusudia saa ya chakula cha jioni. Kuongeza saa sita ni sheria nyepesi. Kutambua ni wapi itumike, na wapi mwandishi ameshafuata saa za Kizungu, kunahitaji kutazama majirani. Mwongozo wa NHS England wa mwaka 2018 kuhusu ukalimani katika huduma za msingi za afya ulitaka mifumo ya tafsiri ya mtandaoni iepukwe, kwa kuwa ubora wake hauna uhakika.