SOMO LA HISTORIA: KATANI YETU NA BEI YA LONDON

Kiongozi wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: mkonge, katani, bei. Mkonge ni mmea. Katani ni nyuzi zinazotoka katika jani la mkonge. Na bei je, inatoka wapi? Hilo ndilo somo letu la leo.

Mkonge si mmea wa asili wa nchi yetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche hiyo ilisafiri kwa meli mpaka Ujerumani, kisha ikaletwa huku. Mingi ilikufa njiani. Iliyobaki hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 mkonge ulienea Tanga, Pongwe, Muheza, Korogwe na kwingineko. Reli ya kutoka Tanga, iliyopita Pongwe kwenda bara, ikabeba marobota ya katani mpaka bandarini.

Kazi ya katani ni nzito. Jani hukatwa kwa mkono, nalo lina mwiba mkali nchani. Majani hufungwa matita, hupelekwa kwenye mashine iitwayo korona, hupondwa na kukwanguliwa. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, hupigwa brashi, hufungwa robota. Katika kilo 100 za majani, katani yake ni kama kilo nne tu. Watu wengi walitoka mbali kuja kufanya kazi hiyo. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Siku zao za kazi ziliandikwa katika kipande. Kipande kilijaa baada ya siku 30 za kazi; siku ambayo mtu hakwenda kazini haikuhesabiwa.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walichukua utawala wa Tanganyika. Sasa sikilizeni jambo hili. Katika miaka ya 1930 kilianzishwa hapa nchini kiwanda cha kusokota kamba za katani, na kamba zake zikauzwa Uingereza. Wenye viwanda vya kamba wa Uingereza walikasirika. Walikuwa tayari kununua nyuzi zetu, lakini hawakutaka kamba zetu. Wakailalamikia serikali yao. Mwisho wake kiwanda kile kilifungwa. Nyuzi zikaendelea kupakiwa melini, na faida ya kusokota ikabaki ng'ambo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya pili. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java. Huko ndiko mataifa makubwa yalikokuwa yakipata nyuzi nyingi za kamba. Na meli bila kamba haifungwi gatini. Basi Uingereza na Marekani zikaitegemea Afrika ya Mashariki.

Mnajua desturi ya soko: samaki wakiadimika, bei hupanda. Lakini katani haikwenda sokoni. Serikali ya Uingereza iliinunua yote kwa bei iliyopangwa. Tuseme kweli, mpango ule ulikuwa na faida yake. Mnunuzi alikuwa wa hakika, hata wakati wa hatari baharini. Lakini bei ile ilizuiwa isipande kama ambavyo ingepanda sokoni. Wenye mashamba walijadiliana na London. Mkata mkonge hakuulizwa. Tena serikali ya kikoloni iliwalazimisha maelfu ya watu kwenda kufanya kazi katika mashamba. Na dola zilizopatikana kwa mazao ya makoloni ziliwekwa katika hazina ya pamoja huko London.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini mpango ule uliendelea miaka michache zaidi. Ulipokoma, bei ilipanda. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, ikapanda sana. Hapo ndipo ilipoonekana wazi hasara ya bei iliyopangwa.

Tulipata Uhuru mwaka 1961. Wakati huo katani ilikuwa ya kwanza katika mazao tuliyouza nchi za nje. Mwaka 1964 zilipatikana tani zaidi ya 200,000, na hakuna nchi iliyotushinda. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba. Lakini bei ilikuwa imeanza kuanguka. Ng'ambo watu walikuwa wamegundua kutengeneza kamba za plastiki. Shamba lilikuwa letu, lakini soko halikuwa letu. Mavuno yalipungua mwaka hata mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya serikali yaliuzwa kwa makampuni ya watu binafsi.

Basi historia hii yatufundisha nini? Nchi kubwa na nchi ndogo zinaweza kushirikiana, na kila moja ikapata haja yake. Lakini kwanza yafaa kuuliza mambo matatu: Nani anapanga bei? Kazi ya kiwandani inafanyika wapi? Fedha zinakaa wapi?

Ninyi wa Pongwe mna mfano mlangoni. Mawe yenu ya chokaa husagwa na kuchomwa papo hapo, katika kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1980. Jiwe huondoka Pongwe likiwa saruji. Lipimeni jambo hilo kwa maswali yale matatu.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Ni miche mingapi iliyobaki hai mwaka 1893, nayo ilipandwa wapi?
2. Kwa nini wenye viwanda wa Uingereza walitaka nyuzi, wakakataa kamba?
3. Ungekuwa mkata mkonge mwaka 1942, ungetaka kuwaambia nini waliopanga bei?
4. Ni zao gani la kwenu linalouzwa kabla ya kutengenezwa? Lifanywe nini?